"DATA ZIMEPOTEA" NI CHANGA LA MACHO, WATUPE DISKI TUONE!

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Dar es Salaam

JUMATATU hiyo nilifika kwenye ofisi ya chama chetu cha kuweka na kukopa saa mbili kasoro asubuhi. Nikakuta wenzangu wapatao thelathini wamesimama nje, wengine bodaboda zao bado zinaunguruma. Mlangoni pamebandikwa karatasi. Kwa ufupi ilisema hivi: kutokana na hitilafu ya kompyuta, kumbukumbu zote za akiba na mikopo zimepotea, hivyo kila mwanachama alete stakabadhi zake zote ili hesabu ziandikwe upya.

Stakabadhi zote! Ndugu msomaji, wewe unazijua stakabadhi zetu. Ni vile vikaratasi laini vya mashine, ukivikalia miezi mitatu kwenye mfuko wa suruali vinageuka vyeupe kama sanda. Jioni ile niliimwaga bahasha yangu kitandani. Kati ya stakabadhi hamsini na mbili, zilizosomeka zilikuwa tisa. Akiba yangu ilikuwa Sh 640,000, ninazichanga ninunue kamera. Kwa ushahidi wa vikaratasi tisa, mimi ni mtu wa Sh 95,000.

Hivi ndivyo mlalahoi anavyoliwa siku hizi. Zamani mhasibu alikimbia na sefu usiku, asubuhi polisi wakaitwa. Leo sefu ipo, mhasibu yupo, anakunywa chai na sambusa zake mbili. Kilichokimbia ni kumbukumbu! Na nani wa kumshitaki? Kompyuta?

Jina la chama silitaji. Kesi yetu haijaisha, na hata nikilitaja utasema si hicho, ni cha kwenu.

Tukaingia ndani kumwona meneja. Tukauliza swali la watu wazima: bakapu je? Yaani ile nakala ya akiba ambayo kila mwenye mfumo wa kompyuta anatakiwa aiweke pembeni ili la kumtokea likimtokea awe na pa kuanzia. Meneja akasema zipo, tena tatu. Tukashusha pumzi.

Ya kwanza ilikuwa kwenye fleshi, ndani ya mtoto wa meza. Ikachomekwa kwenye laptopu. Faili la mwisho lilikuwa la miezi kumi na minne iliyopita, na ukubwa wake ni sifuri. Jina lipo, tumbo tupu. Ya pili, akasema, huwa inawekwa kwenye drivu D. Drivu D ya wapi? Ya kompyuta hiyo hiyo iliyokufa, kwenye diski hiyo hiyo! Ni sawa na mtu anayeficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba aliyoifunga. Ya tatu ilikuwa "mtandaoni", lakini malipo yake yalikoma zamani na hakuna aliyeshughulika.

Waungwana, hizo ndizo bakapu tatu. Na hapo hapo fundi aliyeletwa na ofisi akatoa ushauri wake wa kitaalamu: diski ifomatiwe, Windows iwekwe upya, kazi ianze upya. Meneja akaitikia kwa kichwa.

"Msiguse!"

Aliyepiga kelele ni mwanachama mwenzetu, mshikaji anayetengeneza simu Kariakoo. Kidato cha nne kama mimi. Hana cheti cha kompyuta hata kimoja, ila ana mikono na ana macho. Akasimama mbele ya ile kompyuta kama kipa. Akauliza, "Nani kasema zimepotea? Mmezitafuta wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. MMEZITAFUTA WAPI? Maana mtu akitwambia data zimepotea, sisi huwa tunainama kama tumeambiwa kuna msiba. Hatuulizi maiti iko wapi. Tumefanywa mabwege kwa sababu hatujui kilichomo ndani ya hilo sanduku, na wakubwa wanapenda tusijue.

Basi tujue leo. Mfumo wa chama kama chetu, pamoja na vitufe vyake na nembo yake, ni sura tu. Nyuma ya sura kuna kanzidata, na kanzidata si jini. Ni mafaili ya kawaida yaliyokaa kwenye folda ya kawaida. Ofisi nyingi ndogo mjini hapa zinatumia MySQL au ndugu yake MariaDB, mara nyingi kupitia XAMPP kwa kuwa ni ya bure. Kwenye Windows mafaili hayo yanakaa ndani ya folda ya xampp, humo folda ya mysql, humo folda ya data. Ndani yake kila kanzidata ina folda yake, na kila jedwali lina mafaili mawili: moja linaishia na .frm, linasema jedwali lina safu gani. Jingine linaishia na.ibd, ndimo zilimo data zenyewe, zimepangwa kurasa kurasa za kilobaiti 16. Nje ya folda hiyo kuna faili moja linaitwa ibdata1. Hilo ndilo kama daftari la mlinzi wa getini: lina orodha ya majedwali yote yanayotambuliwa.

Sasa sikiliza mchezo ulivyo. Kompyuta ikifa, Windows ikigoma kuwaka, mfumo ukikataa kufunguka, hayo mafaili hayajaenda popote. Hata aliyeyafuta hajayafuta! Kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka, ukifuta faili unachofuta ni jina lake kwenye orodha. Mwili unabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. (Diski mpya za SSD ni shauri jingine, hizo zinaweza kusafisha kweli, kwa hiyo usijipe moyo kupita kiasi.) Kinachoua ni kile kinachofuata: kufomati, kuweka Windows upya, kupakia programu mpya juu ya maiti ambayo bado inapumua. Yaani "ukarabati" ndio mauaji.

Ndiyo maana yule mshikaji alisimama kama kipa.

Tulibishana hadi saa saba mchana. Meneja akasema diski ni mali ya chama. Tukamjibu chama ni sisi. Mwishowe tukaandikishana: watu watatu wa kushuhudia, diski ichomolewe mbele ya wote, ipelekwe Kariakoo, irudi baada ya siku nne.

Nilikaa naye usiku wa kwanza wote. Jambo la kwanza alilofanya ni kutofanya lolote kwenye diski ile. Aliinakili yote, alama kwa alama, kwa programu ya bure iitwayo ddrescue. Programu hiyo ikikuta sehemu mbovu haing'ang'anii kwanza. Inaruka, inachukua penye uzima, kisha inarudi kupambana na penye ugonjwa. Ilichukua saa kumi na moja. Feni moja, mbu elfu. Kuanzia hapo kazi yote ikafanywa kwenye nakala, na diski yenyewe ikafungwa kwenye mfuko na kutiwa saini na wale mashahidi watatu.

Alfajiri akaifungua folda. Majedwali thelathini na moja. Mafaili ya .ibd yote yapo. Lakini ibdata1, lile daftari la getini, lilikuwa limeangukia kwenye sehemu mbovu ya diski. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa. Wanachukua folda ya kanzidata peke yake, wanaibandika kwenye kompyuta nyingine, MySQL inaonyesha majina ya majedwali yote, ukibofya moja inajibu kwamba jedwali hilo halipo. Fundi anashika kiuno: "Bosi, zimekufa." Hazijafa! Mlinzi wa getini hana jina lao kwenye daftari, basi.

Mshikaji akanifungulia faili moja la .ibd kwa programu ya kuandikia maandishi tu, ile ya kawaida kabisa. Ikaja takataka: nukta, mraba, herufi za ajabu. Akaniambia shuka, shuka, shuka. Nikashuka. Katikati ya zile takataka nikaona jina la Mama Ntilie wa jirani yetu. Chini kidogo, namba ya simu ya dereva mmoja wa Ubungo. Halafu nikaona jina langu.

Sijui nikueleze vipi. Meneja amebandika karatasi mlangoni kwamba mimi nimepotea, kumbe nipo.

Kilichofuata ni kazi ya punda. Kwanza, kutokana na yale mafaili ya .frm, alitoa maumbo ya majedwali: safu ngapi, za aina gani. Kwenye kompyuta nzima, yenye toleo lile lile la MariaDB, akaunda majedwali matupu ya maumbo yale yale. Kisha kwa kila jedwali akatoa amri mbili. Ya kwanza inamwambia mlinzi: litupe faili la data la jedwali hili tupu. Hapo anabandika lile faili la zamani la .ibd mahali pake. Ya pili inasema: haya, lipokee hili. Kwa wanaotaka kujaribu, amri zenyewe ni ALTER TABLE, jina la jedwali, halafu DISCARD TABLESPACE. Ya pili ni hiyo hiyo ila IMPORT TABLESPACE. Nyingine zilipita papo hapo. Nyingine ziligoma kwa sababu jedwali la zamani liliundwa kwa mpangilio wa safu wa COMPACT na jipya ni DYNAMIC; ukilinganisha mpangilio, linaingia. Jedwali moja lilikuwa na kurasa zilizoharibika, kila likisomwa MariaDB nzima inaanguka. Kuna kitu kinaitwa innodb_force_recovery, kinapandishwa kutoka 1 hadi 6, kinalazimisha kanzidata iwake hata ikiwa mgonjwa. Alisimama kwenye 3. Kuanzia 4 unaweza kuharibu moja kwa moja, ndiyo maana tena na tena unafanya kwenye nakala. Kila kilichosomeka akakitoa nje kama maandishi ya kawaida.

Usiku wa pili, saa tisa, hesabu ilikuwa hivi: majedwali 31, yaliyorudi mazima 29, moja nusu, moja halikurudi kabisa. Lililokufa ni la meseji za kuwakumbusha watu mkutano. Likapumzike salama.

Akiba? Imerudi. Jina langu, Sh 640,000, na tarehe ya kila shilingi. Gharama yote: nauli, vocha, chipsi mayai mbili, na diski ya kunakilia. Huyu ni fundi simu! Ofisi yenye meneja, mhasibu, kamati na posho za vikao iliona njia pekee ni kuturudisha kwenye vikaratasi vyeupe.

Nasikia wengine mnasema, mwandishi acha kelele, kompyuta huharibika duniani kote. Kweli. Tena huharibika kwa wakubwa kuliko sisi. Usiku wa Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, ambako wataalamu wa dunia nzima wanatunza kazi zao, mhandisi mmoja aliyechoka alitaka kufuta folda ya data kwenye seva ya pili. Kumbe yupo kwenye seva kuu. Aliposhtuka sekunde moja mbili baadaye, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia bakapu. Walikuwa na njia tano, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa! Ile ya kila siku ilikuwa inashindwa kimya kimya kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2 na kanzidata yao ya PostgreSQL toleo la 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa kwa bahati saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio tu.

Kwa hiyo tofauti yao na meneja wetu si akili. Uzembe ni ule ule. Tofauti ni kwamba wao walifungua mlango. Waliandika hadharani kila hatua huku ikiendelea, wakaonyesha uokoaji moja kwa moja kwenye YouTube, watu kwa maelfu wakitazama. Wakasema zimepotea saa sita za kazi: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, watumiaji wapya kama 700. Mhandisi hawakumtaja jina. Lawama wakaiweka kwenye utaratibu. Huko kwetu je? Karatasi mlangoni, na fundi wa kufomati yuko njiani.

Na zipo data zinazopotea kweli, nisiwadanganye. Septemba 26, 2025 moto wa betri ulizuka kwenye kituo cha kompyuta za serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Mifumo 709 ikazimwa. Hifadhi moja iitwayo G-Drive, walimoweka kazi zao watumishi wa serikali wapatao 125,000, iliteketea, terabaiti 858, na nje ya jengo haikuwa na nakala. Eti ilikuwa kubwa mno kunakiliwa! Hapo hata mshikaji wetu angeshika kichwa, maana mafaili yenyewe yamekuwa majivu. Lakini sisi kompyuta yetu haikuungua. Ilikuwa mezani. Mtu mwenye diski mezani hana haki ya kulia kilio cha mtu mwenye majivu.

Wenzetu wa Kenya walilijua hili mwaka 2017, ndiyo maana mitaani ilikuwa ni fungua seva, fungua seva. Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume ya uchaguzi zikaguliwe, tume ikawa inafungua kidogo kidogo kwa kinyongo, na Septemba 1 majaji chini ya Jaji Mkuu David Maraga wakabatilisha uchaguzi wa rais. Moja ya mambo waliyoihesabia tume ni huko kukataa kufungua. Mwenye kuficha chombo akubali kudhaniwa.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayosema kufuta au kuharibu data bila haki ni kosa. Vijana tumeifahamu sheria hiyo vizuri, kuna waliofikishwa mahakamani kwa maneno ya Facebook. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azilinde zisipotee kwa uzembe. Fleshi yenye faili la sifuri ndani ya mtoto wa meza, huo si uzembe? Kijana akiandika neno moja baya, sheria ina meno. Meneja akipoteza maisha ya watu mia nne, ni "hitilafu".

Sasa nirudi kwenye chama chetu, maana kuna jambo sijawaambia.

Kati ya majedwali 29 yaliyorudi mazima, moja ni la mikopo. Hatukulitafuta, lilikuja na wenzake. Tulipolifungua, mshikaji akazima sigara. Humo kuna mikopo kumi na mmoja ya waheshimiwa wa kamati. Mmoja ni wa tangu 2021, na safu ya marejesho ni tupu kabisa, hata shilingi moja. Sisi wa bodaboda tukichelewa wiki mbili tunapigiwa simu hadi kwa wadhamini wetu.

Sisemi kwamba mtu aliipiga kompyuta teke. Diski ilikuwa na sehemu mbovu za kweli, nimeziona kwa macho yangu, na ugonjwa huo huja wenyewe. Ninachosema ni hiki: karatasi ile ilipobandikwa mlangoni, wanachama waliambiwa walete stakabadhi za akiba. Wa mikopo hawakuambiwa walete chochote. Hesabu zingeandikwa upya, na ile kumi na moja isingeandikwa na mtu yeyote. Nani angeuliza? Data si zimepotea?

Siku ya nne diski tuliirudisha, mfuko ukiwa na saini zote tatu. Meneja hakushukuru. Aliuliza kama kuna nakala nyingine, na akasema ni kosa kubaki nayo. Tukamwambia tutaijadili hoja hiyo kwenye mkutano mkuu wa wanachama, ambao kwa katiba ya chama wanachama wenyewe wanaweza kuudai. Tumeudai kwa barua yenye saini 213. Ajenda ya kwanza ni akiba, ya pili ni mikopo kumi na mmoja, ya tatu ni nani atakuwa anaifungua bakapu kila mwisho wa mwezi mbele ya watu, kuona kama ina kitu tumboni.

Mkutano ni Jumamosi ijayo saa nne. Nakala zipo tatu, kwenye nyumba tatu, na moja tumeshaifungua kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabisa. Imewaka.